Oxford Street na Kariakoo: shida sio ustaarabu, ni hesabu ya bosi

Kila nikituma picha ya Oxford Street ya hapa London nyumbani lazima mtu aniambie "wenzetu wamestaarabika, sisi bado sana", halafu anaanza kuwachamba makonda wa daladala. Jamani tusidanganyane. Mtaa wenyewe huu, kuanzia Marble Arch mpaka Tottenham Court Road, ni kama kilomita mbili tu na Jumamosi mchana ni vurugu tupu, watu wanasukumana utadhani Msimbazi siku mbili kabla ya Idi, na simu ukiishika kizembe inaondoka na mtu wa baiskeli.

Mimi ninachowaonea wivu ni mabasi basi. Juzi mvua inanyesha, shule zimetoka, madenti wamejaa kituoni na mabegi na makelele yao, basi jekundu likaja likainama upande wa mlango, mama mwenye kigari cha mtoto akaingia, wakafuata wale watoto wanagusisha kadi ambazo hazikatwi hata senti, dereva wala hakugeuza shingo.

Sasa mfikirie denti wa pale Kariakoo, konda kaweka mkono mlangoni, "wanafunzi wawili tu, wengine subirini gari la nyuma!" Tunasema konda hana utu. Lakini jioni anadaiwa hesabu, yaani hela ya kila siku ya bosi mwenye gari, mafuta juu yao yeye na suka (dereva), kinachobaki ndo chao, na denti analipa kiduchu, kwahiyo kila denti anayepanda ni hela inayotoka mfukoni kwa konda. Kukatisha ruti nako chanzo ni hichohicho.

Na wengi hamjui, mabasi ya London nayo yanaendeshwa na makampuni binafsi! Ila Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji, ndio wanapanga ruti na nauli, hela ya abiria inaenda kwao (keshi hawapokei tangu 2014), kampuni inalipwa kwa kuendesha ile ruti na dereva ana mshahara wake. Basi likijaa likiwa tupu, kwake sawa.

Mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar, ilivyoanza 2016 tukasema tumepona, na kweli ilisaidia, ila daladala za Gongo la Mboto na Mbagala mkataba wa konda na bosi mmeubadilisha? Mpeni konda mshahara wa mwezi kwanza, akimzuia denti baada ya hapo mtukaneni na mimi nitawasaidia.