Minyoo ya Busia na Watoto Walioongoja

Michael Kremer alifundisha sekondari Kakamega akiwa kijana, miaka mingi kabla ya kugawana Nobel ya uchumi ya 2019 na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Sehemu kubwa ya jina lake imetokana na shule za msingi za Budalangi na Funyula, kule Busia.

Tuseme mtoto aliyemeza dawa ya minyoo haachi shule ovyo. Ni kazi ya dawa, au mzazi anayehangaikia dawa ndiye huyo huyo anayemwamsha mtoto alfajiri? Ekonometria, taaluma ya kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, inaishi na fumbo hilo. Ili kulitegua, Kremer na mwanauchumi mwenzake Edward Miguel walizigawa shule 75 mafungu matatu: la kwanza likapewa dawa 1998, la pili 1999, la tatu likangoja hadi 2001. Mwaka 2004 wakaandika kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata wasiomeza walinufaika, maana mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo na maji. Mimi hapo huvua kofia. Ukimlinganisha mtoto na mwenzake wa dawati moja utasema dawa haifai kitu, kumbe imewafaa wote wawili.

Na hapo hapo ndipo jiwe lilipotua. Mwaka 2015 watafiti wa London walirudia hesabu, wakakuta makosa. Nafuu iliyodaiwa kufika shule za mbali ikayeyuka. Miguel na Kremer walikiri makosa, ila wakashikilia kwamba mahudhurio yalipanda kweli. Wengine walilalamika kwamba kura ya kuyapanga mafungu haikupigwa: shule ziliorodheshwa kwa alfabeti, zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Hili halininyimi usingizi. Alfabeti haijui nani ana kichocho.

Kinachonisumbua ni mahali penyewe. Mvua za El Niño zilikuwa zimetoka kufurika, na Budalangi na mafuriko ya mto Nzoia ni ndugu, minyoo ilijaa. Je, mtoto wa Molo, kwenye baridi na mbali na Ziwa Victoria, atavuna hayo hayo? Hakuna mgawanyo wa mafungu, hata uwe safi vipi, unaolijibu hilo. (Kremer na wenzake waligawa pia vitabu vya bure Busia. Alama za wengi hazikupanda, ila za wale waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Mwalimu yeyote wa huko angewaambia.)

Utafiti wa 2021 uliwafuata watoto wa mafungu mawili ya kwanza ya dawa hadi utu uzima: matumizi yao yalikuwa juu kwa asilimia 14. Juu kuliko ya nani? Ya fungu la tatu. Tuliambiwa uwezo haukutosha kuzifikia shule zote kwa mpigo, nami nakubali. Lakini wakati fungu la kwanza linameza dawa, wa fungu la tatu walikuwa na minyoo ile ile, na kuna waliomaliza shule kabla zamu yao haijafika.