Tiki za mtoto: tuhangaike na macho yanayopepesa au na vile vinavyokuja nyuma yake?

Mtoto wa dada yangu alianza kubana macho akiwa na miaka 6 na kitu. Sio kupepesa kwa kawaida, ni ile ya kuyafumba yote mawili kwa nguvu mara tatu nne mfululizo kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Tukampeleka kliniki ya macho, akapewa dawa ya matone ya aleji, tukamaliza chupa mbili. Baadae macho yakatulia yenyewe ikaja ya koo, "hm, hm, hm", akiwa anakula, akiwa kwenye katuni, akiwa msikitini na baba yake, tukahamia kwenye dawa ya kikohozi. Bibi yake akasema huyu mtoto kachezewa, jirani akasema minyoo. Mwaka karibu unaisha ndo tukapata daktari wa watoto aliyekaa nae kama nusu saa anamtazama tu anavyochora, haandiki kitu, mwisho akasema hii ni tiki.

Wengi tukisikia tiki tunafikiria alama ya mwalimu kwenye daftari. Hii ni nyingine kabisa, ni mjongeo au sauti ya ghafla, fupi, inayojirudia, na wale watoto wanaoweza kujieleza wanasema kabla haijatoka kuna kitu kinawasumbua ndani kama chafya inayokuja, unaweza ukaizuia kidogo ila haikuachii mpaka itoke. Ndo maana mtoto anaweza kushinda shule ametulia halafu akifika nyumbani zinamwagika zote, mzazi akadhani anadeka. Tiki za muda mfupi ni za kawaida sana kwa watoto wa shule ya msingi, kuna tafiti zinataja hadi mtoto 1 kati ya 5. Zikiwa za mwili zaidi ya moja, pamoja na angalau moja ya sauti, na zikavuka mwaka, hapo ndo inaitwa Tourette, jina la Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa aliyeelezea wagonjwa 9 mwaka 1885. Hiyo wanayo watoto wasiofika 1 katika 100, na wavulana ni mara tatu hivi au nne ya wasichana. Ile ya kutoa matusi bila kutaka, ambayo ndo watu wanaijua kwenye video, inawapata wachache tu.

Sasa baada ya jina kupatikana ndo ubishi ukaanza pale nyumbani. Shemeji anasema mwacheni mtoto, akikua zitaisha, msimtafutie magonjwa. Dada anasema tiki haziji peke yake, apimwe na ADHD, ile ya kutotulia na kukosa umakini, apimwe na OCD, ile ya mawazo yanayomrudiarudia mtu na kulazimika kufanya kitu tena na tena, apimwe wasiwasi, apimwe kila kitu. Na mimi katikati, kila mmoja ananiambia "we si unasoma soma, mwambie mwenzako". Nimesoma kweli, na kinachonisumbua ni kwamba wote wawili wana tafiti nyuma yao.

Tuanze na dada. Mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa kwenye jarida la JAMA Psychiatry, watu 1,374 wenye Tourette pamoja na ndugu zao. Katika hao wenye Tourette asilimia 85.7 walikuwa wamewahi kuwa na angalau tatizo lingine moja la akili au tabia, na asilimia 57.7 walikuwa nayo mawili au zaidi. ADHD na OCD ndo zilizoongoza, ukiziweka pamoja zinagusa watu karibu 7 kati ya 10. Wasiwasi na matatizo ya hisia kama sonona kila moja kama asilimia 30. Na jambo ambalo mzazi anatakiwa alisikie vizuri, mengi ya hayo yanaanza mapema, mtoto akiwa kati ya miaka 4 na 10, yaani wakati uleule ambao sisi wote tumekodolea macho yanayopepesa. Ukimuuliza mtoto mwenyewe au mwalimu wake nini kinamfelisha, mara nyingi sio tiki, ni kushindwa kumaliza zoezi, ni hasira zinazolipuka jioni, ni kutolala. Tiki ndo inayoonekana na kusikika, kwa hiyo ndo inayobebeshwa lawama zote.

Hapo ningeishia ningesema dada kashinda. Lakini ile asilimia 85.7 imetoka wapi? Imetoka kwa watu waliopatikana kupitia kliniki za wataalamu wa tiki, Marekani, Canada, Uingereza na Uholanzi. Nani anafika kwenye kliniki kama hiyo? Anafika mtoto ambaye mambo yameshamzidi, shule imelalamika, wazazi hawalali. Yule anayepepesa macho tu na anacheza mpira wake na anapata namba nzuri darasani hafiki huko, hahesabiwi. Kwa hiyo kuichukua namba ya kliniki na kuibandika kwa kila mtoto anayepepesa macho mtaani sio sawa, na hilo shemeji bila hata kusoma utafiti amelihisi.

Halafu ana hoja nyingine nzito. Mwaka 1998 watafiti wa Yale, James Leckman na wenzake, walifuatilia vijana 36 tangu utotoni wakakuta tiki zinaanza mtoto akiwa na miaka 5 na nusu hivi, zinafika kileleni kwenye miaka 10, kisha zinashuka, na walipofika 18 karibu nusu yao hawakuwa na tiki tena. Kwa mzazi wa mtoto wa miaka 8 hiyo ni habari ya kumpa pumzi. Pia inamwandaa, kwamba huenda ikazidi kwanza kabla ya kupungua, asije akakata tamaa katikati.

Na kuna swala la jina, ambalo kwetu huku ni zito kuliko huko tafiti zinakofanyika. Ukimpa mtoto wa darasa la pili majina matatu ya magonjwa ya akili, hayo majina yataishi wapi? Yataishi kwa mashangazi, yataishi kwa mwalimu wa zamu, yataishi kwa watoto wenzake, na wakati huohuo msaada unaotakiwa kuja na hayo majina haupo karibu, mtaalamu ni wa foleni na nauli ya mkoa mwingine. Huko mbele jina linafungua mlango, mtoto anaongezewa muda kwenye mtihani, anapata mwalimu wa kumsaidia. Hapa mara nyingi mtoto anapewa jina halafu mlango unabaki umefungwa. Mimi hili silichukulii kirahisi hata kidogo.

Ila "zitaisha" nayo ina matobo yake. Kule Washington University, St. Louis, walichukua watoto ambao tiki zao ndo kwanza zimeanza, wakawaangalia tena baada ya mwaka. Wengi walikuwa nafuu na wazazi wengine waliona zimeisha. Lakini watafiti walimwacha mtoto peke yake chumbani kamera ikirekodi, na hapo ikaonekana watoto wote 43 bado walikuwa nazo, hata wale ambao mbele ya daktari hazikuonekana. Hilo linatuambia kwamba ile tunayoiita kupona mara nyingi ni tiki kuwa ndogo kiasi cha kutosumbua, na kwa kweli hiyo inatosha kabisa, mtu haishi ili kamera isimnase. Na Denmark walifuatilia watoto na vijana wenye Tourette kwa kama miaka 6, walioendelea mpaka mwisho ni 227. Waliovuka miaka 16, asilimia 17.7 hawakuwa na tiki kabisa, karibu 60 walikuwa nazo ndogo tu, kwa hiyo shemeji hapo ana haki ya kutabasamu. Lakini katika wote waliofuatiliwa asilimia 63 bado walikuwa na yale mengine, ADHD, OCD, sonona na wenzao. Yaani kinachopungua ni kile tulichokuwa tunakipigania, na kile tulichokipuuza ndo mtoto anaingia nacho utu uzimani.

Hii sio ubishi wa maneno, inaamua mtoto apewe nini. Miaka mingi madaktari waliogopa kumpa mtoto mwenye tiki dawa za ADHD kama methylphenidate, iliaminika zinachochea tiki, na onyo likawekwa mpaka kwenye maelezo ya dawa. Mwaka 2002 Marekani wakaijaribu kwa watoto 136 wenye vyote viwili, na waliopewa methylphenidate hawakuzidiwa tiki kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2015 zikakusanywa tafiti 22 zenye watoto 2,385 wenye ADHD, tiki mpya au zilizozidi zilikuwa asilimia 5.7 kwa waliotumia dawa na 6.5 kwa wasiotumia. Mtoto mmoja mmoja anaweza akazidiwa, daktari lazima afuatilie, ila fikiria watoto wangapi walinyimwa dawa ya kuwasaidia kusoma kwa sababu ya kuilinda tiki isiongezeke. Upande wa pili haloperidol, dawa kali ya magonjwa ya akili, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO na ni bei nafuu, kwa hiyo kishawishi cha kumpa mtoto kwa ajili ya "hm, hm" ni kikubwa. Inapunguza tiki kweli, lakini inaweza kumlaza usingizi darasani, kumnenepesha, kumkakamaza misuli. Ukimtuliza koo halafu ukamlaza darasani umemsaidia nani, yeye au wanaomsikiliza?

Kuna njia isiyo ya dawa inaitwa CBIT. Mtoto anafundishwa kuitambua ile hali inayokuja kabla ya tiki, kisha anafanya kitu kingine kinachogongana nayo, kwa mfano ya koo anavuta pumzi taratibu kwa pua mpaka ile hamu ipite, na wazazi wanafundishwa kuondoa vinavyoichochea, kama kumkaripia kila anapofanya. Mwaka 2010 ilijaribiwa kwa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, asilimia 52.5 walipata nafuu kubwa, kwenye kundi lililopewa ushauri wa kawaida ni 18.5. Dunia ingekuwa ya haki hii ndo ingekuwa ya kwanza kupatikana huku kwetu, maana haihitaji mashine wala kuagiza chochote, inahitaji mtu aliyefundishwa na muda wa kukaa na mtoto.

Niseme kidogo na hili la koo maana watu wameniuliza. Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake walieleza watoto 50 ambao tiki au OCD ziliwalipukia zikihusishwa na bakteria wa streptokokasi, wale wa koo. Wazazi wengi wakalishika, antibayotiki zikatembea. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulitoka 2021, watoto 715 wenye tiki walifuatiliwa, na haukuona tiki zikizidi kwa sababu ya huyo bakteria. Kwa hiyo kumjaza mtoto antibayotiki kila tiki ikipanda hakuna msingi. Ila kwetu homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria huyohuyo na kugusa moyo, bado ipo, na inaweza kuleta kutikisika kwa mikono na uso ambako mtu akaita tiki, na huyo anatakiwa apimwe moyo haraka. Mtoto ambaye viungo vinatiririka kama anacheza ngoma asiyoijua, anaangusha vikombe, mwandiko umeharibika ndani ya wiki chache, huyo usisubiri akue.

Swali lingine ni kama Tourette kweli ipo kwetu. Mary Robertson, mtaalamu wa Uingereza, alipopitia takwimu za dunia mwaka 2008 aliandika ni kama asilimia 1 karibu kila mahali, isipokuwa inaonekana nadra kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Inawezekana jeni zina mchango, siwezi kulikataa. Lakini kwenye nchi ambayo jicho likicheza tunauliza ni la juu au la chini ili tujue kama kuna mgeni au msiba, na mtoto anayetoa sauti anapelekwa kwa shehe au kwa mchungaji kwanza, hao watoto nani kawahesabu? Mimi naona uchache mwingi ni wa wahesabuji.

Kwa hiyo nilichowaambia wale wawili ni hiki. Shemeji yuko sahihi kuhusu tiki: asikaripiwe, asiambiwe "acha", asipewe dawa kwa ajili ya macho tu. Dada yuko sahihi kuhusu kuangalia, ila kuangalia sio kupima kila kitu. Maswali machache yanatosha kuanzia: analala? anamaliza kazi ya shule? kuna kitu analazimika kukirudia? kuna kitu anakiogopa mpaka anaumwa tumbo asubuhi? Jibu likiwa baya hapo ndo tafuta daktari na jina, maana jina linakuja na sababu.

Shule yake mwalimu alishamchapa kwa "kumwigiza anavyokohoa", na kila jioni kazi za nyumbani zilikuwa vita, sote tukasema ni tiki zinamchosha. Wiki iliyopita nilikaa nae mezani. Kaandika sentensi ya kwanza, akasimama kwenye herufi "a", akaifuta. Akaiandika tena, akafuta. Macho hayakupepesa hata mara moja, koo limetulia kabisa. Nilihesabu mara 11, karatasi ikatoboka, akaanza kulia kimyakimya. Nikamuuliza ina nini hiyo "a", mbona nzuri. Akaniambia, "Mamdogo, haijakaa sawa, nikiiacha hivi siwezi kuendelea." Nikamwita dada toka jikoni aje aone, shemeji nae akaja na simu mkononi, tukasimama watatu tunaangalia lile tundu kwenye daftari, na shemeji ndo akauliza ile kliniki ya mtaalamu ni siku gani.