I-85 haikupita kwenye ardhi tupu

Mwandishi wa makala yenu kuhusu I-85, barabara kuu ya kusini mashariki mwa Marekani, ameieleza kama njia ya viwanda, na kwa hilo nakubaliana naye. Inatoka Montgomery, Alabama, inapita Atlanta, Greenville na Charlotte, mpaka inakutana na barabara kuu nyingine, I-95, pale Petersburg, Virginia. Watengeneza magari wa Kia wako kando yake West Point, Georgia. BMW wako Greer, South Carolina. Sisi madereva wa malori tunaipenda kwa sababu mzigo haukosekani.

Lakini Montgomery ameitaja kwa jina tu, wakati habari kubwa iko hapo. Barabara hii ilikata Centennial Hill, mtaa wa Wamarekani Weusi: walimu, wachungaji, watu wenye nyumba zao wenyewe. Mchungaji Ralph Abernathy, aliyeongoza mgomo wa Weusi wa kususia mabasi ya mji huo mwaka 1955 pamoja na Martin Luther King, aliishi maeneo hayo hayo. Na mkuu wa barabara wa jimbo wakati huo, Samuel Engelhardt, alikuwa kiongozi wa mabaraza ya wazungu yaliyotetea ubaguzi! Wakazi walipinga, wakaomba njia ihamishwe. Hawakusikilizwa.

Atlanta nako, kipande ambacho I-85 na barabara kuu ya I-75 zinakwenda pamoja kimeupasua mtaa wa Sweet Auburn, alikozaliwa King. Ukipita kwa gari huoni chochote, ni zege na foleni tu.

Kama makala itakuwa na sehemu ya pili, tafadhali wahojiwe wazee wa Centennial Hill walio hai bado.