Kocha wa tabia: unalipia nini hasa?

Matangazo ya makocha wa maisha yamejaa kwenye simu zetu, na mengi yanaahidi tabia mpya ndani ya siku 21. Hesabu hiyo aliieneza Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, mwaka 1960, akizungumzia muda ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea sura mpya. Naye alisema ni siku 21 kwa uchache. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja kila siku, aliyekuwa katikati ya orodha alihitaji siku 66, na tofauti ilianzia 18 hadi 254.

Hilo halimaanishi kocha ni tapeli. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa washauri wa kukaa nao ana kwa ana kwa masomo 16, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa waliotumia metformin, dawa ya kisukari, ilikuwa asilimia 31. Na washauri hao walifanya nini? Kupima uzito, kupitia daftari la chakula, kuuliza wiki hii umekwama wapi. Hotuba za hamasa hazikuwa kiini cha kazi.

Lakini miaka ilivyosonga, sehemu kubwa ya uzito ilirudi, ingawa nafuu ya kisukari haikuisha. Tena ufuatiliaji wa namna hii si lazima ulipiwe. Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hisa zako zinagongwa muhuri wenzako wakitazama, na ukichelewa unatozwa faini. Watu wanajenga nidhamu ya akiba hapo bila kocha.

Ila kikundi hakifai kwa kila jambo. Anayepambana na kamari au pombe hataki jirani ajue, na hapo faragha ya kocha inastahili ada. Tatizo ni kwamba yeyote anaweza kujiita kocha bila leseni. Mimi ningemuuliza mawili kabla ya kulipa: kila wiki utanikagua nini, na lini sitakuhitaji tena? Akinijibu kwa hadithi ya mafanikio yake, nafunga pochi.