Vigeu viwili, kloja moja: mizani isomwe mara moja

Watengeneza programu wengi ninaowafahamu hapa Mtwara hawapendi kuona vigeu viwili (majina yanayobeba thamani) vikijazwa kwa mkupuo kutoka kwenye kloja moja, yaani kipande cha msimbo kisicho na jina kinachoitwa kama funksheni. Kwenye lugha ya Swift mstari huwa hivi:

let (jumla, halisi) = { let s = mizani.soma(); return (s, s - gunia) }()

Wanasema unachosha macho, na kwamba anayeanza hayaoni yale mabano ya mwisho yanayoiita kloja. Hilo naliafiki. Lakini twende ghalani.

Chukua programu ya kupimia korosho kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba au Newala. Karani anataka uzito wa jumla, na uzito halisi baada ya kutoa gunia. Ukikipa kila kigeu kloja yake, mizani inasomwa mara mbili, nayo haijatulia: kwanza 81.4, kisha 81.2. Tuseme gunia ni kilo 1. Karatasi inatoka na jumla 81.4, halisi 80.2. Mkulima anapiga hesabu kichwani palepale: ilipaswa kuwa 80.4, gramu 200 zimekwenda wapi? Tofauti hiyo ikiegemea upande mmoja kwa magunia 50, ni kilo 10. Hakuna aliyeiba, ila utamweleza nini mtu aliyepalilia na kupulizia mikorosho msimu mzima, na ambaye malipo yake yanafuata karatasi ile hadi mnadani?

Kloja moja inasoma mara moja. Namba zote mbili zina mzazi mmoja, na let inazifunga zisibadilishwe. Unaweza kuiweka s nje, juu ya vigeu hivyo, nayo itafanya kazi. Lakini itabaki inazagaa, na mwenzako atakuja kuitumia mahali ilipotakiwa halisi. Ndani ya kloja, s inaishia humo humo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni mpangilio. Thamani zote mbili ni desimali. Ukizirudisha kinyume, kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) inanyamaza. Lugha ya Kotlin nayo kwa kawaida hufuata nafasi, wakati JavaScript, ukirudisha objekti, huweza kufuata jina. Tena Swift haikubali mgawanyo huu kwenye lazy, yaani kigeu kinachojazwa pale tu kinapohitajiwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo thamani mbili nazijaza kwa kloja, na jaribio dogo la kuhakikisha jumla inazidi halisi. Likiongezeka daraja la korosho, naunda strakti (kifurushi kimoja cha thamani kadhaa) yenye majina, na mizani bado inasomwa mara moja.