Delilah Hakunisubiri

Nitataja mwisho wa gemu ya Firewatch humu, tena bila kuficha kitu. Kama bado hujaicheza, kaicheze kwanza. Saa nne au tano zinatosha kuimaliza.

Gemu hii ya studio ya Campo Santo ilitoka Februari 2016, na mpaka leo wachezaji hawajaelewana juu yake. Malalamiko mawili nayapita haraka. Eti hakuna mchezo, unatembea tu na ramani na dira mkononi. Ni kweli, hakuna adui wa kumpiga wala pointi za kukusanya, na aliyezoea kufyatua risasi ataona amepunjwa. Eti ni fupi kwa bei yake. Hapo kila mtu na mfuko wake. Lalamiko la tatu ndilo linaloniuma, maana wanaolitoa ni watu walioipenda gemu yenyewe. Wanasema mwisho wake umewadhulumu.

Hasira yao naielewa. Wewe ni Henry, mlinzi anayekaa mnarani kuangalia moto usizuke katika msitu wa Shoshone, jimbo la Wyoming, kiangazi cha 1989, mwaka mmoja tu baada ya moto mkubwa kuiunguza hifadhi ya Yellowstone. Unaishi peke yako mnarani. Wa kuongea naye ni Delilah, msimamizi wako, aliye kwenye mnara mwingine kule mbali, na mnaongea kwa simu ya upepo. Basi mambo yanaanza kwenda mrama. Mtu anaingia mnarani mwako na kuvuruga kila kitu. Wasichana wawili uliowakaripia ziwani hawajulikani walipo. Unaokota karatasi, unakuta maongezi yako na Delilah yameandikwa humo. Unafika mahali pamezungushiwa uzio katikati ya pori. Hapo mchezaji yeyote anasogeza kiti karibu na skrini: ni serikali? Ni majaribio ya siri?

Kumbe ni baba mmoja tu. Ned alikuwa mlinzi wa mnara huohuo kabla yako, akiishi na mwanawe Brian. Mtoto akaanguka pangoni akafa, na Ned akajichimbia porini asionane tena na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasikiliza na kuwatisha, ili msilifikie lile pango.

"Ndiyo hiyo tu?" Wengi wameuliza hivyo, na mimi nawarudisha kwenye dakika za mwanzo kabisa. Kabla hujauona msitu, gemu inakupa maandishi na machaguo machache. Henry anakutana na Julia mjini Boulder, wanaoana, kisha Julia, umri wa uzee ukiwa bado mbali, anaanza kusahau. Henry anaelemewa. Wazazi wa Julia wanamchukua kwao Australia, naye Henry anaenda kukaa juu ya mnara. Yote yanayofuata yanamhusu mtu aliyekimbia, anayehitaji jambo kubwa la kumsahaulisha alichokimbia. Njama ya serikali ingemfaa sana. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nahangaika na ule uzio na zile karatasi, kwa muda mrefu sikumkumbuka Julia hata kidogo.

Bibi yangu alipoanza kuniita kwa jina la marehemu mdogo wake, nilikuwa mkoa mwingine kikazi. Mama alikuwa akinipigia kuuliza naja lini. Kila mara nilikuwa na sababu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo: zamu, nauli, mwisho wa mwezi. Nilikuja kuicheza Firewatch tulipokuwa tumeshamzika. Ned anaacha kanda ya kujieleza, na nilipoisikiliza sikumwona kuwa adui. Nilimsikia mtu mwenye sababu.

Naye Delilah ana lake. Alijua kwamba Ned anakaa na mtoto mnarani kinyume cha kanuni, akanyamaza kwa sababu alimpenda yule mtoto. Katika gemu hii hata ukimya ni jibu. Delilah akiuliza, muda wa kuchagua ukapita, anaelewa kwamba hukutaka kusema, na maongezi yanaendelea na hilo doa. Sijaona gemu nyingi zinazojua kwamba mtu anaweza kumuumiza mwenzake kwa kunyamaza tu.

Kuna lawama moja ninayoikubali. Habari ya wale wasichana inafungwa kwa maneno machache kwenye simu ya upepo, kwamba walipatikana wazima, na basi. Tuliwaogopea kwa muda mrefu mno, walistahili kufungiwa vizuri zaidi.

Lakini ule mnara mtupu siulaumu. Moto umeshatanda, unapanda mpaka kwa Delilah, ambaye sauti yake umeishi nayo kiangazi kizima bila kumwona sura, na hayupo. Ameshaondoka na helikopta ya kwanza. Wachezaji wengi walitaka waonane, na mimi nilitaka. Ila nikiwaza angekuwepo, wakapanda pamoja, wakaenda kuanza maisha Boulder, naona Henry amepata mnara mwingine wa kujificha. Nilikaa pale kwake, nikabonyeza simu ya upepo, akaniambia niende kwa Julia. Nje helikopta ilikuwa inakuja.