Kiingilio cha Kutazama Kitanda cha Mtu

Mimi ni mpangaji wa chumba kimoja Kayole. Kitanda, jiko la gesi, ndoo tatu za maji, na televisheni isiyowaka mpaka uizabe kofi. Sasa niambie: mtu kama huyo anaamkaje Jumamosi, anavaa viatu vya kanisa, anapanda matatu mbili, kisha analipa kiingilio akatazame kitanda cha mtu mwingine? Na mwenye kitanda alishaondoka tangu 1931!

Kisa ni mama mkwe. Alikuwa amekuja kutoka Bungoma kuangaliwa macho, na mke wangu akaapa kwamba mama harudi nyumbani kabla hajatembezwa. Nikasema tumpeleke Uhuru Park apunge upepo bure. Nilivyotazamwa, ungedhani nimesema tumrudishe kwa miguu. Basi ikawa Karen, mtaa wa wenye pesa hapa Nairobi, kwenye makumbusho ya Karen Blixen, yule mama wa kahawa aliyetoka Denmark.

Kwa mila zetu, mimi na mama mkwe hatukaribiani, hata mkono hatupeani. Haya, mweleze makanga. "Songa mzee, si huyo ni mathee wako tu!" Nikaishia kwenye sambaza, ule ubao unaowekwa katikati ya viti, goti moja nje ya mlango, shingo nimeipinda upande wa dirisha hadi tukafika, kama mtu aliyenyimwa nyama.

Nyumba yenyewe, sitadanganya, ni nzuri. Ya mawe, paa la vigae, baraza pana. Ilijengwa 1912, na Karen na mumewe wakainunua 1917. Kijana aliyetuzungusha anaijua kazi yake. Akatuambia baadhi ya vyombo vya ndani vilitolewa na watu wa Out of Africa, ile filamu ya 1985 kuhusu maisha yake iliyobeba Oscar 7. Kwa hivyo humo ndani kuna viti nisivyoruhusiwa kukalia, ambavyo pengine hata mwenye nyumba hakuvikalia! Na magoti yangu bado yanakumbuka sambaza.

Sakafuni kumetandikwa ngozi ya mnyama, kichwa na meno yake yote. Mama mkwe akaizunguka kwa mbali, huku ameshika leso yake. "Sasa huyu mama akiamka usiku kwenda choo?" Kijana alicheka, hakujibu.

Tukatoka bustanini. Nyasi jamani! Zimekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto siku ya kufungua shule, zinatelemka mpaka kwenye miti, na kule nyuma milima ya Ngong imejipanga kama vifundo vya ngumi. Mama mkwe akasimama muda mrefu.

"Baba Nekesa."

"Naam, mama."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna ng'ombe, mama. Hii ni bustani."

"Ya nini?"

"Ya kutazama."

Akainama, akang'oa unyasi mmoja, akaunusa, akautafuna kidogo, akatema. "Hapa ng'ombe watatu wangeshiba. Na upande ule, kunde."

Kwa miaka tisa ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza tunapatana. Mimi nina sukuma wiki kwenye gunia pale ngazini, mashina saba, na landilodi anasema ninachafua ploti. Hapa kuna uwanja mzima na hakuna hata shina la kitunguu!

Lakini kilichonikalia moyoni ni habari za shamba. Lilikuwa na ekari zaidi ya 4,000, kama 600 zikiwa za kahawa, na mahali penyewe ni juu mno kwa kahawa, baridi imezidi. Mvua ikakataa. Kiwanda kikateketea 1923. Ndugu wa Denmark wakatuma pesa, wakatuma tena, mpaka wakachoka, na shamba likauzwa. Denmark, jina lenyewe lina deni ndani! Nikamwonea huruma kama mpangaji mwenzangu, ila mimi ndugu zangu wa kutuma pesa wananipigia kuomba nauli.

Huruma ikapungua niliposikia upande wa pili. Wenyeji, wengi wao Wakikuyu, walitakiwa kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa kwenye ardhi hiyo hiyo. Siku 180! Tafadhali habari hiyo isifike Kayole. Landilodi wangu hajalifikiria hilo bado.

Na ukimtaja shetani, simu inalia. Nilikuwa nimepata benchi chini ya mti, kiatu kimoja nimekivua.

"Uko wapi? Nimegonga mlango mpaka jirani ametoka."

Mtu mwenye akili angesema yuko hospitali, na asingekuwa mbali na ukweli, mama ameangaliwa macho Alhamisi. Mimi nikasema, "Niko Karen."

Kimya. Kisha, kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia: "Karen? Ahaa. Kumbe mambo yako ni mazuri. Basi ile ya mwezi jana na ya mwezi huu, nitumie zote leo. Na stima."

Akakata.

"Ni nani?" mama mkwe akauliza kutoka benchi la pili, uso ameugeuzia maua kama mila inavyotaka.

"Mwenye nyumba, mama."

Akaitazama ile nyumba ya mawe, akazitazama nyasi, akafunga leso vizuri. "Mpigie tena. Muulize nyasi anauza pesa ngapi."